Sindano ya tatuu haina tundu: wino unaingiaje kwenye ngozi?

Wengi hudhani sindano ya tatuu ni ya kudunga kama ya hospitali. Siyo. Ni waya wa chuma cha pua uliochongolewa, unene wake kama milimita 0.3, hauna tundu popote. Za mistari hufungwa kwa duara, tatu, tano, saba. Za kivuli hupangwa safu safu, bapa kama brashi. Wino hukaa katikati ya ncha hizo jinsi rangi inavyokaa kwenye nywele za brashi, ndiyo maana mchoraji anachovya kila mara.

Mashine huipandisha na kuishusha makumi ya mara kwa sekunde. Ikishuka inatoboa. Ikitoka, kitundu kilichobaki kinaunyonya wino uliotanda juu ya ngozi. Kwa hiyo wino mwingi huingia sindano inapotoka, na ngozi isipovutwa ikakaza, sindano hudunda au huikokota. Sisi wachoraji tunapokuambia usicheke, usishike simu, si ukali.

Kina ndicho kinachoamua yote. Tabaka la juu la ngozi, sehemu nyingi za mwili, ni jembamba kama milimita 0.1 na hujibadilisha kila baada ya wiki chache. Wino ukiishia hapo utabanduka na magamba. Tunalenga tabaka la chini yake, kati ya milimita 1 na 2. Ukipita hapo unakuta mafuta, na kwenye mafuta wino hausimami: unasambaa, mstari unapata ukungu wa buluu pembeni. Huo haufutiki kwa kurudia mstari. Kurudia huuongezea wino tu. Dawa yake ni leza, au kuufunika kwa kivuli cha mchoro mkubwa zaidi. Sindano ikilazwa mno huleta balaa lilelile, hasa ndani ya kifundo cha mkono na kwenye mtulinga, ambako ngozi ni nyembamba.

Kosa jingine ni kupita palepale mara nyingi kwa kutafuta weusi. Ngozi inachubuka, majimaji yanausukuma wino nje, na ukipona unabaki na kovu lenye mabaka.

Wino uliokaa vizuri humezwa na seli za kinga. Watafiti wa Ufaransa walionyesha kwa panya mwaka 2018 kwamba seli hizo zikifa, mpya huzimeza chembe zilezile za wino papo hapo. Hapo ndipo kudumu kwa tatuu kulipo.

Viganja na pembeni mwa vidole tunachora, ila tunakuonya mapema: ngozi ya hapo ni nene, inasuguliwa kutwa, na mchoro hufifia vibaya. Kwingineko, ukiona pengo kwenye mstari, usirudi wiki ya pili. Subiri wiki 4 hadi 6, magamba yaishe na mng'ao wa ngozi mpya uondoke, ndipo tuone kama wino umekosekana kweli.