Imeji ya Linux ijengwe, isinakiliwe kutoka seva iliyo kazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie zoea la sisi tunaohudumia seva: kuchukua seva ya Linux inayofanya kazi vizuri, kunakili diski yake nzima kuwa imeji, yaani faili yenye kila kitu cha kuwashia mashine, kisha kupakia nakala hiyo kwenye wingu jingine (mtambo wa mtandaoni unaoendesha seva nyingi) tukitarajia iwake kama kawaida. Husemwa kwamba Linux ni ileile popote. Linux yenyewe ni ileile, naam, lakini mashine pepe inayoipokea, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, si ileile, na hapo ndipo tunapokesha.

Tuanze na diski. Kwenye mashine pepe za KVM, programu ya Linux ya kuendeshea mashine pepe, mara nyingi diski huitwa /dev/vda. Kwenye Azure, wingu la Microsoft linalotumia programu yake ya Hyper-V, kwa kawaida huwa /dev/sda. Na kwenye mashine za Amazon za mfumo wa Nitro huwa /dev/nvme0n1. Niliwahi kuhamisha seva ambayo faili yake ya /etc/fstab, yenye orodha ya diski za kufunguliwa, ilitaja /dev/vda1 waziwazi, na ambayo initramfs yake (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza mashine inapowaka) ilibeba viendeshi, yaani programu za kutumia vifaa, vya mashine ya zamani peke yake. Haikuwaka. Tena kerneli, kiini cha Linux, haikuwa imeelekezwa kutoa ujumbe kwenye ttyS0, konsoli ambayo wingu huonyesha, kwa hiyo nilikodolea macho kioo kitupu usiku kucha, nisijue kwamba kilichokosekana ni kiendeshi cha NVMe, aina ya diski ya mashine mpya. Kutambulisha diski kwa UUID (namba yake ya pekee) badala ya jina, kuweka viendeshi vya virtio (vya KVM), Hyper-V na NVMe ndani ya initramfs moja, na kuongeza console=ttyS0 kwenye maelekezo ya kuwashia kerneli ni kazi ndogo mno ikifanywa mapema.

Umbo la faili ya imeji halinisumbui sana. Azure hutaka VHD ya ukubwa usiobadilika, Google hutaka faili iitwayo disk.raw ndani ya tar.gz, na OpenStack huipokea qcow2 bila shida. Zana ya qemu-img hugeuza umbo moja kuwa jingine.

Linaloniuma ni utambulisho. Katika wingu letu la ndani tuliwasha mashine kadhaa kutoka imeji moja, na baada ya muda mfupi zikaanza kunyang'anyana anwani ya mtandao. Tulikagua nyaya na swichi kabla ya mwenzetu mmoja kufungua /etc/machine-id, faili ya namba ya utambulisho wa mashine, na kukuta namba ileile katika kila mashine. Kwa kuwa systemd-networkd, programu ya mtandao ya Linux, hutumia namba hiyo kujitambulisha kwa DHCP, huduma inayogawa anwani, seva ya anwani iliziona zote kuwa mteja mmoja. Siku hiyohiyo tuligundua kwamba hata funguo za SSH (njia salama ya kuingia seva kwa mbali) za mashine hizo zilikuwa zilezile, maana yake aliyeiba ufunguo wa siri wa mashine moja angeweza kujifanya yoyote kati ya nyingine. Hilo si kosa la kusahauliwa upesi.

Ndiyo maana naamini imeji inapaswa kujengwa upya kutoka maelezo yaliyoandikwa, kwa zana kama KIWI, Packer au mkosi: msingi uwe mmoja, na juu yake tabaka jembamba la kila wingu, kwa mfano wakala (programu ndogo inayozungumza na wingu) wa Azure aitwaye waagent, au wakala wa Google. Cloud-init, programu ya kuiandaa mashine mpya, ikiwemo, mashine inapowaka mara ya kwanza hupokea taarifa zake, kwenye mawingu mengi kutoka anwani ya 169.254.169.254, ikajipatia jina na kutengeneza funguo zake yenyewe. Najua wapo wanaosema timu ndogo haina muda wa kuandika maelezo hayo. Timu yetu ilikuwa ya watu watatu, na muda tulioutumia kutafuta anwani zilizogongana ungetosha kuyaandika.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu: kabla hamjaitoa imeji yoyote itumike, washeni mashine mbili kutoka kwayo, kisha mlinganishe /etc/machine-id na faili za ssh_host (funguo za SSH za mashine) zilizo chini ya /etc/ssh. Zikifanana, rudisheni imeji hiyo mezani.

Wako,
Msimamizi wa seva