Risala ya Wanachuo wa Ukunga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wakunga Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mkuu wa chuo,
Walimu wetu, wakunga wastaafu mliotuheshimu kwa kuja,
Wazazi na wanachuo wenzetu,

Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Ulipopitishwa chumba cha mazoezi asubuhi, huenda ulimwona mdoli wa kujifunzia kuzalisha, aliyelazwa kitanda cha pembeni, kiuno kimezungushiwa plasta, kifuani ana karatasi iliyoandikwa "Haumea". Wageni wengi hudhani ni jina la kiwanda. Hilo jina tulimpa sisi.

Haumea ni mungu wa kike wa uzazi katika simulizi za watu wa Hawaii, huko katikati ya Pasifiki. Masheikh na wachungaji mliopo msiwe na wasiwasi, hatujaleta dini mpya chuoni. Husimuliwa kwamba alizaa watoto kutoka viungo mbalimbali vya mwili wake, mmojawapo akiwa Pele, mwenye volkano, na kwamba kila alipozeeka alirudi kuwa msichana. Mwaka 2008 wanaastronomia waliipa jina lake sayari kibete moja iliyo mbali kuliko Neptune, yenye umbo kama yai, na miezi yake miwili wakaiita Hi'iaka na Namaka, mabinti zake.

Ila sisi, mheshimiwa, hatukumpendea wingi wa watoto. Tulimpendea kazi. Muleiula, binti wa chifu Olopana, alishikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka, watu wakajiandaa kumpasua tumbo. Zama hizo kupasuliwa maana yake ni mama kufa. (Leo upasuaji unaokoa, na mkunga anayechelewesha rufaa kwa kujiona Haumea tutamshangaa.) Haumea akafika, akamsaidia, mtoto akatoka kwa njia yake na mama akabaki hai. Malipo yake yalikuwa mti wa maua aliokuwa nao Muleiula. Naam, hata mungu hakuzalisha bure. Suala hilo tutalirudia chini, kwenye maombi.

Mwenzetu mmoja, akiwa zamu ya usiku kwenye mazoezi ya wodini, alimshika mkono mama aliyekuwa na uchungu. Mama akamuuliza, "Wewe una watoto wangapi?" Akajibu hana. Mama akauchomoa mkono, akageukia ukutani. Mwenzetu alisimama pale hadi alfajiri akimsugua mgongo, na mtoto alipolia, mama mwenyewe ndiye aliyeutafuta ule mkono.

Usiku ule tuliukumbuka tuliposoma habari za Malkia Kapi'olani, mke wa Mfalme Kalākaua wa Hawaii. Maradhi yaliyoletwa na wageni yalikuwa yamewapukutisha watu wake, wakabaki wachache katika nchi yao. Malkia akachangisha fedha, na mwaka 1890 akafungua nyumba ya kujifungulia wanawake mjini Honolulu. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto hata mmoja. Nyumba ile ikakua ikawa hospitali, na humo ndimo mwaka 1961 alimozaliwa Barack Obama, mtoto wa Mkenya aliyekwenda kusoma huko. Basi mkimtaja Obama, mkumbukeni na huyo mama asiye na mtoto.

Kwa hiyo mwanamke wa leo anayeitwa mgumba kwenye vikao vya ukoo, au aliyeamua kusubiri, au aliyezaa mmoja akasema basi, sisi hatuoni kwamba yuko nje ya habari hii. Kwa hesabu yetu, aliyemshikia mwenzake mgongo naye amezaa. Baadhi ya walimu wetu hawakubaliani na hesabu hiyo, na mjadala bado unaendelea bwenini.

Mheshimiwa mgeni rasmi, maombi yetu ni matatu.

Kwanza, mdoli. Haumea wetu amechanika nyonga, kichwa cha mtoto kinanasa kila tunapofanya zoezi, na mkunga anahitajika kwa ajili yake yeye. Tunaomba mpya, hata mmoja.

Pili, mapazia ya kutenganisha vitanda vya mazoezi, ili tuzoee kumsitiri mama tangu tukiwa hapa.

Tatu, posho ya mazoezi kwa vitendo iwahi. Haumea alilipwa kwa mti wa maua. Sisi nauli ya daladala inatosha.

Tunaomba kuwasilisha.