Dar hadi Mbeya: kilomita 690 za nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kuhusu makala yenu iliyosema Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita 690, saa moja na robo kwa ndege. Hapa kijiweni Uyole, mwanzo wa mji wa Mbeya ukitokea Dar, imezua ubishi mkubwa. Mimi niliyeanza utingo kwenye malori ya Tunduma nikaishia dereva, nimeambiwa na vijana wenye simu kwamba kilomita zangu 830 na ushee za barabarani ni za kufikirika.

Za kufikirika! Hizo 690 ni mstari ulionyooka, kutoka uwanja wa ndege wa Nyerere, Dar, hadi ule wa Songwe, Mbeya, juu ya milima ya Udzungwa na bonde la Usangu. Gari haliwezi hayo. Linaanza kufuata Chalinze na Morogoro, linakatiza hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50, na humo ukimgonga mnyama utalipa faini. Kisha Ruaha Mbuyuni, halafu mlima Kitonga wenye kona kali. Lori moja likikwama kwenye zile kona, weka kalamu chini, hesabu ya kilomita imekufa. Na ukifika Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, usishangilie: zimebaki zaidi ya 300.

Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Gawanyeni wenyewe: zaidi ya saa kumi, bila kusimama hata kuchimba dawa. Likiondoka stendi ya Mbezi, Dar, saa kumi na mbili asubuhi likafika Uyole saa mbili usiku, mwacheni dereva wa watu, hajachelewa.

Sasa hiyo saa moja na robo. Ni kweli, ila ni ya angani tu. Mjukuu wangu anasoma chuo Dar, amepanga chumba Kibamba. Likizo iliyopita alikuja kwa ndege. Alitoka kwake kabla ya adhana ya alfajiri, akakabiliana na foleni ya kwenda uwanjani, akakaa kusubiri, akaruka. Songwe iko magharibi, ukishapita Mbalizi. Basi lingemshusha Uyole kabla hata ya kuingia mjini, lakini ndege ilimpitisha juu yetu ikamtua ng'ambo ya pili, ikabidi arudi kwa gari kupitia Mafiati na Mwanjelwa. Kutoka Ifisi karibu na uwanja hadi Nsalaga, hapa hapa Uyole, ni kilomita 29 tu, ila kwa ujenzi wa njia nne ule, 29 zilitosha kumfanya asinzie. Alifika tukiwa tunaandaa ugali wa mchana.

Sisemi ndege haina maana. Mgonjwa wa Muhimbili simshauri apande basi hata siku moja. Ila mjukuu aliporudi chuoni, gunia la viazi nililomfungia lilitangulia kwa basi, maana kwenye ndege lingemgharimu kuliko viazi vyenyewe.

Mkiandika tena, Mhariri, wekeni zote mbili, ya angani na ya barabarani, na saa zihesabiwe kuanzia mlangoni kwa mtu. Mtaje pia Songwe iko upande gani wa mji. Mgeni wa Tukuyu au Kyela anatakiwa ajue mapema kwamba akishatua atarudi mpaka hapa kwetu Uyole ndipo akate kulia.

Dereva mstaafu,
Uyole, Mbeya