Kuhesabu magari yanayopita peke yake hakutoshi

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili la foleni linanikera. Wahusika wakiulizwa barabara ina hali gani wanataja idadi ya magari yanayopita kwa saa, basi, wamemaliza. Hiyo namba inaweza kukudanganya mchana kweupe.

Chukua modeli ya 1935 ya Mmarekani Bruce Greenshields, mhandisi wa barabara, yaani hesabu yake ya mwendo wa magari, rahisi kuliko zote, inasema magari yakizidi kujaa spidi inashuka kwa mstari ulionyooka. Tuseme kwenye leni moja gari ikiwa peke yake inakimbia kilomita 100 kwa saa, na foleni ikishikana kabisa yanakaa magari 140 kwa kilomita. Yakiwa 20 kwa kilomita spidi ni kama 86, zidisha, yanapita kama 1700 kwa saa. Haya weka 120, hapo watu wanatambaa kwenye 14 hivi, zidisha tena uone, ni 1700 zilezile! Mmoja anapeta, mwingine anachungulia bampa ya mbele, na kwenye ripoti wote ni kitu kimoja.

Mstari wenyewe una kasoro, tusifichane. Katikati, magari 70 kwa spidi ya 50, unakupa 3500 kwa saa wakati madereva wakiachiana sekunde mbili tu, gari moja hadi la nyuma yake, leni haipitishi zaidi ya 1800. Barabarani spidi huwa haitikisiki sana mwanzoni, magari yanaongezeka na watu wanaendelea kukimbia, halafu ikifika kiwango fulani inaporomoka. Lakini umbo liko palepale, kadiri leni inavyojaa idadi ya yanayopita kwa saa inapanda hadi kilele kisha inashuka.

Na foleni wala haihitaji ajali. Wajapani walitoa utafiti 2008, magari 22 kwenye duara la mita 230, hakuna taa wala makutano, madereva wameambiwa waende spidi moja ya kama 30, baada ya muda wakaanza kusimama na kuondoka, foleni ikawa inarudi nyuma huku magari yanaenda mbele.

Ndo maana zile taa za kuruhusu magari machache machache kuingia barabara kuu, ambazo watu wanazitukana, mimi nazitetea, zinazuia leni isivuke kilele. Na wakija tena na namba zao waulizwe, saa hiyohiyo spidi ilikuwa ngapi? Wakishajibu, tutagawanya wenyewe namba yao kwa spidi hiyo, tupate magari kwa kilomita.

Msomaji wenu