Mwache Nuru aongee

Tanga, Jumapili jioni

Mama Nuru, rafiki yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema Nuru kutwa anaongea peke yake, na majirani wameanza kunong'ona habari za mashetani. Nakuomba usimnyamazishe.

Nikusimulie ya Salma wangu. Tangu mwaka jana bibi yake humkalisha kwenye ungo wa mchele. Mwanzoni bibi alikuwa akimshika kidole na kukisogeza: "Hii nini? Chuya. Itoe. Na hili? Jiwe. Litoe." Mtoto kazi yake kucheka tu. Miezi ikapita. Siku moja bibi kaenda msibani, nikamsikia Salma yuko na ungo peke yake: "Hii nini? Chuya. Itoe." Sauti ni ya bibi yake kabisa, hadi ule mguno! Chuya zikiwa nyingi anaongea zaidi, zikipungua ananyamaza. Siku hizi midomo inachezacheza tu, na chuya hazimpiti.

Unamkumbuka Vygotsky, yule mwanasaikolojia wa Moscow tuliyemkariri chuoni kwa ajili ya mtihani? Piaget, mwanasaikolojia mwenzake wa Uswisi, aliona maongezi haya ya mtoto peke yake ni ya utoto, yataisha mtoto akikua. Vygotsky akamjibu kwamba hayaishi, yanaingia ndani na kuwa fikra. Kwamba uwezo wa akili huanza baina ya watu, ndipo uhamie ndani ya mtoto. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1934, ana miaka 37 tu. Mimi nilikuja kumwelewa pale kwenye ungo.

Wala si mchele peke yake. Juzi alikuja mdogo wake mume wangu. Salma akamtambulisha kwa mwenzake, "Huyu baba yangu mdogo," kisha akaenda kumdai zawadi vilevile anavyomdai baba yake. Neno tulilompa limeshampangia nani ni nani na anastahili nini kwake.

Kwa hiyo kesho Nuru akianza, kaa karibu usikilize maneno anayosema ni ya nani. Mengine yatakuwa yako. Wiki iliyopita nilimsikia Salma akimgombeza mdoli wake: "Mara ngapi nikwambie? Huna akili?" Ni maneno yangu, neno kwa neno. Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilimwita nikamwomba radhi.

Niandikie utakachosikia.

Wako,
Mama Salma