Mashini ya yaya ililipa bili

Bwana mhariri,

Juzi nilisikia kwa radio mukubwa moja anasema ati nchi masikini haiwezi kulipia bantu bote matunzo, uchumi ukomae kwanza, mambo ya lopitalo tutaona kisha. Nikacheka miye peke yangu, juu kambo yangu alizalia kwenye kambi ya Union Minière, kampuni ya shaba ya bazungu wakati wa koloni, ile bazee baliita Changa-Changa, na kule mutoto alikuwa anapimwa kilo, ukikosa kumupeleka banakuuliza, munganga na dawa hulipi kitu, na posho inatoka. Unazani bale bazungu balitupenda? Wapi! Mwanzoni bafanyakazi balikuwa banakufa sana, na kuenda kutafuta bengine mbali kulikula feza mingi, njo miaka ya 1920 bakaona bora mutu akae na bibi yake na batoto, bakule, batunzwe, shaba itoke. Hesabu tu ile.

Sasa kuya huku kwetu Katuba. Mwaka jana shemeji alipasuliwa juu azae. Mutoto muzima, mama muzima, lakini kutoka bakamukatalia mpaka bili iishe, siku tisa, mutoto kwa kitenge, na kila asubuhi banaongeza bei ya kitanda juu ya deni! Yaya, ndugu yangu mukubwa, akauza mashini ya kushona. Ile mashini njo ilikuwa inalipa nyumba, unga na minervali, feza ya masomo ya batoto. Leo anashona kwa mashini ya mutu na kila nguo banagawana nusu nusu. Uchumi wenyewe njo ule uliuzwa, utakomaa vipi?

Kuzaa bure kulianza Kinshasa 2023, muzuri, ila lopitalo isipolipwa na serikali kwa wakati itarudi kushika bamama paka vile. Na 2001 kule Abuja bakubwa ba Afrika baliahidi 15% ya bajeti kwa afya, balitimiza ni ba kuhesabu kwa vidole.

Feza haikosi, lori za shaba na kobalti zinapita usiku na muchana. Sheria ya madini ya 2018 inapatia provensi 25% ya redevansi, ile feza kampuni zinalipia madini zinachimba, na 15% inaenda kwa komini na sheferi penye banachimba. Gazeti lenu liulize basi: ngapi iliingia, na ngapi ilifika kwa senta ya afya. Babandike kwa mulango, tusome.

Musomaji wenu, Katuba, Lubumbashi