Ubingwa wa Vijana: Jumamosi Tunaanza

Wazazi wenzangu wa Dublin, habari za jioni.

Msimu wa ubingwa wa futiboli ya Kigaeli (Gaelic football, mchezo wa Ireland wa kutumia mikono na miguu) kwa vijana wetu unaanza Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Watoto wafike nusu saa kabla, kocha anataka wapashe misuli moto vizuri.

Kinga ya meno ni lazima, hata mazoezini. Refa hamruhusu mtoto kucheza bila hiyo, na machozi ya mtoto aliyezuiwa mlangoni mwa uwanja hayapendezi. Wekeni mbili kwenye begi.

Kwa wageni wa mchezo huu: mpira ukiingia wavuni ni goli, sawa na pointi 3. Ukipita juu ya mwamba katikati ya nguzo, kwa kawaida ni pointi 1. Kwa hiyo mkiona 2-07 ubaoni, yaani magoli 2 na pointi 7, hesabuni pointi 13. Mchezaji akishika mpira anaruhusiwa hatua nne tu, kisha adundishe au aupige kwa mguu urudi mikononi mwake, na hawezi kudundisha mara mbili mfululizo. Hapo ndipo wengi wetu tunapiga kelele bure!

Kwenye Go Games, mechi za watoto wadogo hadi chini ya miaka 12, hakukuwa na bingwa na kila mtoto alicheza. Sasa kuna kufungwa na kutolewa. Naomba sana, tusimkaripie mtoto yeyote aliyekosa, wala refa. Maelekezo tumwachie kocha.

Mwenye nafasi kwenye gari aandike hapa kabla ya Ijumaa usiku.